Moshi wa Mwenzako

Sisi watoto wa Gulwe hatuna bahari wala ziwa la kujivunia. Tuna reli. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, na Kigoma 1914 wakati vita kuu ya kwanza inabisha hodi. Sisi tupo kati ya Kilosa na Dodoma, stesheni ya kushukia waendao Mpwapwa, na jirani yetu ni mto Kinyasungwe ambao ukikasirika huondoka na tuta la reli. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalifanya hivyo kati ya Kilosa na hapa kwetu mpaka treni za abiria zikasimama. Mtu anayekaa stesheni kama yetu hahitaji sana gazeti ili ajue nchi inauza nini. Anatazama mabehewa. Na mojawapo ya mizigo iliyopita hapa miaka nenda miaka rudi, kutoka Tabora kwenda viwanda vya Morogoro na bandarini, ni tumbaku.

Naanzia behewani makusudi. Wengi wanaobishana juu ya sigara hapa kijiweni kwetu wanaizungumzia kama kitu kilichozaliwa dukani, ndani ya pakiti. Hapana bwana. Sigara ina ukoo mrefu.

Tumbaku yenyewe si mmea wa kwetu. Asili yake ni bara la Amerika, ikasambazwa duniani na mabaharia wa Ulaya baada ya Columbus, na ilipofika kwetu ikapokewa kama mgeni mwema. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika Mpwapwa kabla ya kuikabili Marenga Mkali, ile nyika isiyo na maji, kisha ikakutana na watemi wa Ugogo wanaodai hongo. Wazee wetu Wagogo mpaka leo utawakuta na kikopo cha ugoro, na mzee akikukaribisha ugoro amekuheshimu. Lakini angalieni jambo moja: ugoro wa babu unaingia pua ya babu. Mimi niliyekaa pembeni naambulia kusikia chafya tu. Sigara ndiyo iliyoleta jambo geni, kwamba anastarehe mmoja na wanavuta kumi.

Sasa tukumbuke karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta na mamilioni ya pauni kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ni jirani zetu hawa, na ilitengenezwa hata njia ya reli iliyochepuka Msagali, stesheni inayofuata baada ya yetu ukielekea Dodoma. Mvua ya kwetu haikuwa na habari na mipango ya London. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umezikwa. Karanga zikafa, Kongwa wakapata ranchi ya ng'ombe, Urambo wakapata tumbaku. Watu husimulia mradi ule kama kichekesho cha wakoloni. Mimi siwezi kucheka mpaka mwisho, kwa sababu kaka yake mama, yaani mjomba wangu, aliondoka Gulwe kijana akafuata kilimo hicho huko Urambo, na ada yangu ya kidato cha kwanza na cha pili, 2014 na 2015, kabla serikali haijafuta ada za sekondari za kidato cha kwanza mpaka cha nne, ilitoka kwenye marobota ya tumbaku. Nasema hili mapema ili msomaji ajue anayeandika ni nani. Kusoma kwangu kuna harufu ya tumbaku.

Kiwanda nacho kina historia yake. Kampuni ya Sigara Tanzania ilianzishwa mwaka ule ule wa uhuru, 1961. Mwaka 1975 ikawa mali ya taifa. Mwaka 1995, wakati wa kuuza mashirika, Wamarekani wa R.J. Reynolds wakachukua hisa nyingi, na 1999 ikaangukia kwa Wajapani wa Japan Tobacco. Hao Wajapani tuwaweke akilini, tutarudi kwao baada ya mistari michache.

Basi mjadala wenyewe. Kwamba sigara inamdhuru anayeivuta, hilo madaktari wa Uingereza na Marekani walilithibitisha tangu miaka ya 1950. Wavutaji wakajibu jibu ambalo hata leo utalisikia stesheni Gulwe: "Mapafu ni yangu, hela ni yangu, wewe kinakuuma nini?" Na kwa kweli jibu hilo ni zito. Mtu mzima ana haki ya kujichagulia hata njia ya kufia. Ili sheria iingilie kati ilibidi kwanza ithibitike kwamba moshi hauishii kwa mwenye sigara.

Mjerumani mmoja, daktari Fritz Lickint wa Dresden, alishaliona jambo hili tangu miaka ya 1930, na kitabu chake kinene kilitoka 1939. Yeye ndiye anayetajwa kuwa aliupa uvutaji huu wa asiyevuta jina katika Kijerumani. Lakini 1939 dunia ilikuwa na moshi mwingine wa kushughulikia.

Ikapita miaka arobaini. Januari 1981 jarida la madaktari wa Uingereza likachapisha utafiti wa Mjapani, Takeshi Hirayama, wa kituo cha taifa cha saratani mjini Tokyo. Alichofanya ni rahisi kukieleza, ila kilitaka uvumilivu wa ajabu. Kwa miaka 14 alifuatilia wanawake 91,540 walioolewa ambao wao wenyewe hawavuti. Halafu akauliza: mume anavuta? Anavuta ngapi? Akahesabu waliokufa kwa saratani ya mapafu. Ikaonekana kadiri mume anavyovuta zaidi ndivyo mke asiyevuta anavyokufa zaidi. Wake wa waume wanaomaliza sigara 20 au zaidi kwa siku walikuwa katika hatari karibu mara mbili ya wake wa wasiovuta. Na kumbukeni, wakati huo biashara ya tumbaku Japani ilikuwa ya serikali yenyewe. Yaani mtumishi wa umma alikuwa anahesabu maiti zilizotokana na duka la umma. Mimi nikipata nafasi ya kuandika riwaya moja tu maishani, labda nitamwandika huyo, anayekaa mezani na majina ya wake za watu.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Makampuni ya tumbaku ya Marekani hayakusema "tumeshindwa". Yalitafuta wataalamu wa takwimu wa kusema Mjapani amekosea hesabu, yakalipia matangazo magazetini. Miaka mingi baadaye, makaratasi ya ndani ya makampuni yalipofunguliwa kwa nguvu ya mahakama, hasa baada ya mapatano ya 1998 na majimbo 46 ya Marekani, ikaonekana kwamba baadhi ya wataalamu wao wenyewe walikuwa wamewaambia faraghani kuwa Hirayama yuko sahihi. Tena kuna karatasi ya kampuni moja ya mwaka 1969 iliyosema wazi kwamba bidhaa yao ni mashaka. Hebu fikiria. Wewe unadhani wanauza sigara, kumbe wanauza mashaka, sigara ni pakiti tu. Mwaka 2006 jaji Gladys Kessler wa Washington aliandika hukumu ndefu kuliko riwaya nyingi akisema makampuni hayo yaliudanganya umma kwa miongo mingi, na moshi huu wa pembeni ulikuwamo katika udanganyifu huo.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Siyo kila aliyetilia shaka alikuwa ameshikishwa bahasha. Hatari ya moshi wa pembeni kwa mtu mmoja mmoja ni ndogo kuliko ya mvutaji mwenyewe, na kitu kidogo ni kigumu kupima. Mwaka 1992 idara ya mazingira ya Marekani ilipokadiria kuwa moshi huo unaua kwa saratani ya mapafu wasiovuta wapatao 3,000 kwa mwaka nchini humo, hata watafiti waaminifu walihoji namna ilivyojumlisha. Mwaka 1998 jaji mmoja akaitupa sehemu ya ripoti. 2002 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu yake. Mwaka 2003 wakatokea wengine wawili, Enstrom na Kabat, na utafiti uliosema uhusiano hauonekani sana, na hapo kelele zikaanza upya kwa kuwa sehemu ya fedha ilitoka kwenye tumbaku. Lakini tafiti zilizidi kujazana kutoka nchi mbalimbali, na mwaka 2006 mganga mkuu wa Marekani akatamka kwamba hakuna kiwango cha moshi huo kisicho na hatari. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vya wasiovuta kwa zaidi ya milioni moja kila mwaka, na wengi wanakufa kwa moyo, siyo kwa saratani. Kwa wataalamu mjadala ulishaisha. Kijiweni kwetu bado mbichi.

Sasa nimlete mama mdogo. Huyu ni mdogo wake mama, na mjomba wa Urambo ni kaka yake wa damu. Alifanya kazi ya uhudumu katika baa za Dodoma mjini kwa miaka kumi na minne. Baa zenyewe sizitaji, maana zote zilikuwa zile zile: chumba kirefu, muziki, madirisha yamefungwa ili wapita njia wasichungulie, na moshi umesimama juu ya meza kama ukungu wa asubuhi bondeni. Mama mdogo hajawahi kutia sigara mdomoni. Ni mlokole wa kimya kimya ambaye alikuwa anatafuta hela ya kula. Alipoanza kukohoa tulidhani TB, akapimwa makohozi, hakuna. Akapimwa tena, hakuna. Mwishowe daktari mmoja akamtazama picha ya kifua akamwuliza kwa upole: "Mama, umevuta miaka mingapi?"

Mama mdogo akajibu: "Sijavuta, baba. Nimevutiwa."

Hilo neno nimelichukua kwake bila kulipia. Daktari hakusema kwamba baa ndiyo iliyomfanya vile. Alisema inawezekana, alisema pia kuna moshi wa kuni wa utotoni, na kuna vumbi. Na hapa ndipo historia ya Hirayama inapokuwa chungu. Sayansi inaweza kuwaambia wake 91,540 kwamba baadhi yenu mtakufa kwa moshi wa waume zenu. Haiwezi kumshika mmoja mkono ikamwambia "ni wewe". Makampuni yalijua kukaa ndani ya mwanya huo mdogo, wakakaa humo miaka ishirini.

Mama mdogo angekuwa Marekani labda angeingia katika kesi ya wahudumu wa ndege. Nao walikuwa wanafanya kazi katika chumba kirefu chenye madirisha yasiyofunguka. Mmoja wao, Norma Broin, ambaye hakuwahi kuvuta, aligundulika na saratani ya mapafu mwaka 1989. Kesi ikafunguliwa 1991, na 1997 makampuni yakakubali kutoa dola milioni 300 za kuanzisha taasisi ya utafiti. Kanada kulikuwa na Heather Crowe, mhudumu wa mgahawa wa Ottawa kwa miaka kama arobaini, naye hakuvuta. Alipoambiwa mwaka 2002 kwamba ana saratani ya mapafu, alikwenda kwenye televisheni akawaeleza wananchi mahali alipoupata moshi, akazunguka nchi nzima kudai sheria mpaka alipofariki 2006. Ireland ilipokuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku sigara katika sehemu zote za kazi za ndani, baa zikiwemo, tarehe 29 Machi 2004, hoja kuu haikuwa afya ya mnywaji. Ilikuwa afya ya anayemletea bia. Mnywaji anaweza kutoka nje. Mhudumu akitoka nje amefukuzwa kazi.

Turudi Afrika Mashariki, maana kuna ambao hudhani mambo haya ni ya Wazungu tuliyoletewa na misaada. La hasha. Waganda walikwenda mahakamani wenyewe. Desemba 2002, katika kesi ya kikundi cha mazingira kiitwacho TEAN dhidi ya mwanasheria mkuu wa serikali na mamlaka ya mazingira, jaji Ntabgoba wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kuvuta sigara hadharani kunavunja haki ya wasiovuta ya kuishi na kupata mazingira safi. Ireland ilikuwa bado haijaanza! Kanuni zikatoka 2004, hazikushika sana, kisha ikaja sheria ya 2015 iliyoanza kazi 2016: marufuku ndani ya mita 50 kutoka sehemu ya umma, na hakuna chumba cha kuvutia. BAT wakaenda mahakama ya katiba kuipinga, wakashindwa 2019.

Kenya nao walihangaika. Mwaka 2006 waziri wa afya Charity Ngilu alitoa kanuni za kukataza, makampuni yakakimbilia Mahakama Kuu zikasimamishwa. Mji wa Nakuru haukungoja, ukatunga sheria yake ndogo mwaka huo huo. Bunge likapitisha sheria kamili 2007 ikaanza kutumika Julai 2008, na mijini vikatokea vibanda vya kuvutia ambamo watu wanasimama wamebanana.

Na sisi? Sisi tulikuwa wa mapema, jambo ambalo wengi hawalijui. Bunge letu lilitunga Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003, mwaka ambao mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku nao ulipitishwa Geneva. Sheria yetu ilikataza kuvuta sehemu za umma, ikakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18. Lakini iliacha mlango nyuma: mwenye sehemu anaweza kutenga eneo la wavutaji. Mwaka 2007 Tanzania ikajiunga na mkataba ule, na mwaka huo huo nchi wanachama zikakubaliana mwongozo unaosema kutenga vyumba na kuweka mafeni hakutoshi, ni marufuku kamili tu ndiyo inayokinga. Kwa hiyo sheria iliyokuwa mbele ikajikuta nyuma bila kusogea. Kanuni zilitoka 2014, miaka 11 baadaye. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa sheria alikuwa anamaliza darasa la nne.

Hilo la kutenga eneo linanichekesha na kunisikitisha. Ni sawa na kutenga kona moja ya kisima kwa wanaotaka kutemea mate. Moshi haujui Kiswahili, haujui kibao. Utafiti mkubwa wa taifa uliofanywa 2018 uliona kwamba wanaotumia tumbaku ni watu wazima wasiofika 9 katika kila 100, lakini katika waliokwenda baa na sehemu za starehe, zaidi ya 7 katika kila 10 walikutana na moshi wa sigara. Wachache wanavuta, wengi wanavutiwa. Wanaotajwa sana wakati wa marufuku ni watu wa shisha, iliyopigwa vita Dar es Salaam mwaka 2016 kwa kishindo. Shisha ilikuwa starehe ya vijana wa mjini, rahisi kuipigia kelele. Sigara ya mzee mwenye heshima zake haipigiwi kelele.

Sasa nifike kwenye hoja ngumu kuliko zote, ambayo haikutoka kwa kampuni yoyote. Ilitoka kwa bibi mmoja muuza ndizi hapa stesheni. Vijana tulikuwa tunabishana, mshikaji mmoja kashika fegi yake, mimi namwaga takwimu, na yule bibi kanyanyua uso akasema: "Mjukuu wangu, mimi nimepuliza kuni miaka sitini jikoni kwangu. Mbona hakuna aliyenitungia sheria?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Lakini bibi yuko sawa. Moshi wa kuni na mkaa jikoni unaua wanawake na watoto wengi kuliko moshi wa pembeni wa sigara, na dunia imechelewa kuusemea kwa sababu hauendi baa wala hausafiri kwa ndege. Nchi yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, shabaha ikiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wameifikia ifikapo 2034. Gesi mitungi inafika Gulwe, bei yake ndiyo haijatufikia. Nilichomjibu bibi, kwa adabu, ni kwamba kuni anapuliza kwa sababu watoto wasile mbichi, ilhali sigara ya mshikaji haiivishi kitu. Akasema haya, basi mwambie akavutie kule kwenye mataruma. Na jamaa akaenda, bila polisi, bila faini. Sikuwahi kuona hoja ya takwimu ikimwondoa mtu upesi namna ile.

Kuna moshi wa tatu ambao hakuna sheria ya Dodoma wala Geneva inayoutaja sana. Ni wa mabani. Tumbaku inayolimwa zaidi Tabora hukaushwa kwa moto, katika nyumba za udongo zinazoitwa mabani, na moto huo ni miti ya miombo. Mkulima analinda moto usiku na mchana kwa siku kadhaa, ukizidi majani yanaungua, ukipungua yanaharibika rangi na mteuzi wa madaraja sokoni atamshushia bei. Anayeshika majani mabichi yenye umande anaweza kupata kizunguzungu na kutapika, nikotini inapita kwenye ngozi. Huyu naye havuti. Mjomba wangu havuti. Anasema anaijua mno hata aitamani.

Mjomba alishuka Gulwe mwaka jana kwa ajili ya msiba wa babu mdogo. Baada ya "Mbukwenyi" na salamu zote ndefu za kwetu, jioni walikaa uani yeye na mama mdogo, mimi nikawa naleta maji ya kunawa na kutega masikio, tabia ambayo mwandishi hapaswi kuionea haya. Mama mdogo alikohoa kidogo. Mjomba akamwuliza dawa anapata? Akasema anapata.

"Kaka," mama mdogo akasema, "mwaka huu umelima ngapi?"

"Ekari tatu."

"Bei?"

"Mwaka huu nafuu. Lakini mkopo wa mbolea ukishakatwa kwenye chama cha msingi, unabaki na cha kuvutia pumzi."

Nilidhani sasa atamwambia. Nilitaka amwambie. Nilikuwa tayari na Hirayama wangu na jaji Kessler wangu, nimejipanga nyuma ya mlango kama wakili asiye na joho. Mama mdogo akawa kimya, halafu akauliza kama Urambo alizeti haikubali. Mjomba akasema inakubali, ila alizeti haina kampuni inayokuja na mbegu na mbolea mpaka mlangoni, wala haina soko ambalo mtu analijua kabla ya kupanda. Watoto wake wawili bado wako shule.

"Na huyu uliyemsomesha?" mama mdogo akaonyesha upande wangu, kumbe aliniona muda wote.

"Huyu," mjomba akasema, "anaandika mambo ya moshi. Nimesikia."

Wakacheka wote wawili, yeye kwa sauti kubwa, mama mdogo kwa kukatisha katisha. Mjomba akangoja amalize kukohoa. Kisha akamsogezea kigoda upande ule ambao upepo ulikuwa unatoka, kwa sababu jikoni mama alikuwa amewasha kuni.